Kano ya goti imekatika: upasuaji sasa, au mazoezi kwanza?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, na nimecheza netiboli tangu nikiwa mwanafunzi. Wiki saba zilizopita niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku nageuka, goti likalia "pwa" nikaanguka. Jioni ile ile lilikuwa limevimba kama mpira. Kipimo cha MRI kimeonyesha kano ya msalaba ya mbele imekatika kabisa, na meniskasi ya upande wa nje ina mchaniko mdogo. Daktari wa kwanza amesema nipasuliwe mwezi huu huu kabla goti halijaharibika. Wa pili amesema nianze na mazoezi. Hospitali mbili zimenipa makadirio ya gharama, moja ni karibu mara mbili ya nyingine, na bima yangu italipa sehemu tu. Mume wangu yuko tayari kuchukua mkopo. Kwa sasa natembea, uvimbe umepungua sana, ila mara moja goti liliniachia nikishuka ngazi. Je, upasuaji ni lazima? Nikichelewa nitajiharibia? Na tofauti ile ya bei inatoka wapi?

JIBU: Marahaba Mwalimu, na pole sana. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na lililonigusa zaidi ni ule mkopo. Nikujibu la kwanza papo hapo usiendelee kukosa usingizi: kwa hali uliyonieleza, upasuaji si lazima mwezi huu, na huenda usiuhitaji kabisa. Kilicho cha lazima ni mazoezi. Ukipasuliwa utayafanya, usipopasuliwa utayafanya. Kwa hiyo fedha ya kwanza kutoka mfukoni mwenu iende huko, na mkopo usubiri.

Sasa nikueleze kwa nini, maana uamuzi ni wako na unapaswa kuufanya ukiwa unaelewa.

Goti linashikwa na kano kuu nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Mbili nyingine zimejificha katikati na zinapishana kama herufi X, ndiyo maana zikaitwa za msalaba. Hiyo ya mbele iliyokatika kwako huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, na pia hulituliza goti pale mwili unapogeuka mguu ukiwa umekanyaga chini. Ndiyo sababu unatembea vizuri barabarani. Kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, hata kukimbia taratibu, misuli ya paja inaweza kuibeba kazi hiyo peke yake. Kuruka na kutua, kugeuka ghafla, kusimama ghafla baada ya mbio, hapo ndipo kano inapotafutwa na haipo. Netiboli imejengwa juu ya mambo hayo hayo, na ile sheria ya kutotembea na mpira mkononi inamlazimisha mchezaji asimame ghafla kila anapodaka. Kwa hiyo usijilaumu kwa kutua vibaya. Kano hii hukatika mara nyingi zaidi bila mtu kugongwa na yeyote, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule.

Kwa nini isiunge yenyewe kama mfupa? Kano ya pembeni upande wa ndani ikichanika huunga vizuri kwa kuvalishwa bresi tu, yaani kifaa cha kulishikilia goti kwa nje, kwa kuwa imezungukwa na nyama na damu. Ya msalaba imeogeshwa ndani ya ute wa maungio. Bonge la damu ambalo lingekuwa daraja la kovu kati ya ncha mbili zilizokatika huyeyushwa na ute huo kabla halijafanya kazi. Huenda umesoma mtandaoni kwamba siku hizi inaweza kuunga. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walieleza wagonjwa 80 waliofungwa bresi goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki nne, kisha likafunguliwa kidogo kidogo, na wengi wao walionyesha dalili za kuunga kwenye MRI ya mwezi wa tatu. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na bresi ilipaswa kufungwa ndani ya wiki chache za kwanza baada ya kuumia. Wewe uko wiki ya saba. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi njia hiyo leo.

Madaktari wako wawili hawapingani kama unavyodhani. Kila mmoja ana utafiti wa kweli nyuma yake. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya watu 121 wenye miaka 18 hadi 35, wapenda michezo lakini si wa kulipwa, wote wakiwa wameumia karibuni. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanyishwa mazoezi, la pili likaanza na mazoezi huku mlango wa upasuaji ukiachwa wazi. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya miaka mitano, magoti ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maumivu, kwa shughuli za kila siku wala kwa michezo, na takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajapasuliwa mpaka mwaka wa tano. Uholanzi walifanya utafiti unaofanana na huo kwa watu 167, wakautoa mwaka 2021. Waliopasuliwa mapema walikuwa mbele kidogo, kiasi kidogo mno kwa mgonjwa kukihisi, na hapo pia nusu ya wale wengine waliepuka kisu.

Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu 316 uliopeleka mambo upande mwingine. Waliopangiwa upasuaji walikuwa na magoti bora zaidi kufikia mwezi wa 18, na zaidi ya theluthi moja ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa. Tofauti iko kwa watu wenyewe. Wale wa Uingereza hawakuwa wameumia juzi. Walikuwa wameshaishi na goti linaloachia, na bado lilikuwa linawasumbua. Ukiziweka tafiti hizi pamoja unapata jambo ambalo nami nimeliona kwa miaka mingi kliniki: jeraha bichi hustahili kupewa nafasi ya kuonyesha litafika wapi, na goti ambalo limepewa nafasi hiyo na bado linaachia hustahili upasuaji bila kuzungushwa zaidi.

Basi swali la kuliuliza goti lako si "kano imekatika?" Hilo MRI imeshajibu. Uliza "goti linaachia?"

Liliachia mara moja kwenye ngazi. Kwangu hiyo peke yake haiamui kitu, kwa sababu katika wiki hizi za mwanzo msuli wa mbele ya paja huwa umelala. Uvimbe ndani ya goti huuzima, kama mtu aliyebonyeza swichi. Pima mwenyewe: chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa paja zote mbili kwa umbali ule ule juu ya pia ya goti. Nina hakika paja la mguu ulioumia limepungua. Goti lisilo na kano na lisilo na msuli lazima litaachia. Lenye msuli uliojengwa upya huenda lisiachie, na hilo utalijua baada ya miezi mitatu ya kazi ya kweli.

Hapa nafika kwenye hofu yako ya kuchelewa. Kusubiri hakuharibu goti. Kinachoharibu ni kila tukio la kuachia. Mifupa miwili inapoteleza ghafla, meniskasi iliyo katikati hubanwa kama kitambaa kwenye mlango, na mchaniko mdogo hugeuka mkubwa. Meniskasi ni gegedu zenye umbo la mwezi mwandamo, mbili katika kila goti, zinazogawanya uzito usiangukie sehemu moja. Ukizipoteza, mfupa huanza kulika miaka mingi kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kwa miezi hii mitatu hakuna netiboli, hata ya kurushiana mpira na wanafunzi uwanjani, hakuna kucheza muziki wa kuzunguka, hakuna kuruka. Najua kwa mwalimu anayependa mchezo hilo ni gumu. Lishike hivyo hivyo. Na goti likiachia mara mbili au tatu licha ya tahadhari, usingoje miezi mitatu iishe, rudi kwa daktari.

Kuna hali ambazo ningekuambia upasuliwe mapema na nisingezungumzia kusubiri. Goti likikwama, yaani likagoma kunyooka kana kwamba kuna kitu kimeingia katikati, mara nyingi ni kipande cha meniskasi kilichopinduka na kukaa njiani, na hicho hakitoki kwa mazoezi. Kano nyingine zikiwa zimekatika pamoja na hiyo, goti huwa limelegea kiasi ambacho misuli haiwezi kukifidia. Na meniskasi ikiwa imeng'oka kwenye mzizi wake, ni vizuri ishonwe mapema. Kwako imeandikwa "mchaniko mdogo". Nitarudi hapo.

Mazoezi yenyewe watu huyadharau kwa sababu hayana damu wala chumba cha upasuaji. Ninaposema mazoezi sisemi kunyoosha mguu kitandani dakika tano. Hatua ya kwanza ni kulipata goti likinyooka lote, sawa na lile zima. Weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, acha goti lishuke kwa uzito wake, kaza msuli wa mbele ya paja uhesabu mpaka tano, achia, rudia mara nyingi kwa siku. Goti lisilonyooka mpaka mwisho halina kilema kikubwa kwa macho, ila msuli wake haurudi na mtu huchechemea milele. Baiskeli ya kukaa hufuata, kisha kuchuchumaa nusu, kupanda na kushuka kijukwaa kwa mguu mmoja, kusimama kwa mguu mmoja ukidaka mpira, na baadaye vyuma vizito kwa misuli ya mbele na ya nyuma ya paja, mara mbili au tatu kwa wiki, uzito ukiongezeka. Ile misuli ya nyuma usiisahau, kwa sababu ndiyo inayouvuta muundi kurudi nyuma, na kwa hiyo hufanya sehemu ya kazi ya kano uliyoipoteza. Mwishoni huja kuruka na kutua kwa mpangilio, chini ya jicho la mtaalamu.

Maendeleo yapimwe kwa namba. Kwa kawaida tunataka nguvu ya paja la mguu ulioumia ifike angalau asilimia 90 ya ule mzima, na urefu wa kuruka kwa mguu mmoja vivyo hivyo. Fedha zikiwa chache, si lazima umwone mtaalamu wa fiziotherapia mara tatu kwa wiki. Mwone mara moja kila wiki au kila wiki mbili akupime, akurekebishe na akuongezee uzito, halafu kazi ifanye wewe mwenyewe. Vikao ishirini vilivyopangwa vizuri ndani ya mwaka vina faida kuliko sitini vya kulazwa kitandani na kuwekewa mashine ya umeme na barafu. Ukiona kikao kinaisha hujatoa jasho, uliza kwa nini.

Sasa tuseme miezi mitatu imeisha, nguvu imerudi, na goti bado linaachia. Au halikuachii katika maisha ya kawaida, lakini moyo wako unasema lazima urudi netiboli ya ushindani. Zote mbili ni sababu halali za kupasuliwa, na ya pili usiionee haya. Kurudi kwenye mchezo wa kugeuka bila kano ni kuihatarisha meniskasi kila unapoingia uwanjani.

Upasuaji hauishoni ile iliyokatika. Kwa watu wengi ncha zake husafishwa na mahali pake panawekwa kipandikizi kinachopitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mfupa wa paja na wa muundi, kisha kikafungwa kwa skrubu au vifungo vidogo vya chuma. Kazi hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo. Kipandikizi hutoka mwilini mwako mwenyewe: kano za misuli ya nyuma ya paja, au kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti, au cha ile iliyo juu yake. Ya chini ya pia hushika imara na mapema kwa kuwa huja na vipande vya mfupa, ila huacha maumivu ya kupiga magoti. Kama unafundisha watoto wadogo na unashinda umepiga magoti kando ya madawati yao, mwambie daktari. Za nyuma ya paja huacha kidonda kidogo zaidi, lakini ule msuli unaokuvutia muundi nyuma hubaki dhaifu kwa muda, na ngozi ya mbele ya muundi inaweza kufa ganzi kiasi. Kipandikizi cha mtu aliyefariki kinapatikana katika baadhi ya hospitali. Kwa kijana anayerudi michezoni sikipendekezi, kwa sababu hukatika tena mara nyingi zaidi, na juu ya hapo kina bei yake.

Usikubali kuingia chumba cha upasuaji goti likiwa bado limevimba na halinyooki. Nilipokuwa kijana kazini nilimpasua mgonjwa wiki ya pili baada ya kuumia kwa sababu yeye alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na nafasi kwenye ratiba. Kano ilikaa vizuri, goti likaganda. Ilibidi arudishwe kulegezwa makovu chini ya usingizi, akalipa mara ya pili, na kunyooka kwake hakujawahi kuwa kama zamani. Sijalisahau goti lile. Wiki za mazoezi kabla ya upasuaji humrahisishia mtu safari yote inayofuata, na hii ni sababu nyingine ya kutohesabu miezi yako mitatu kama muda uliopotea.

Hatari nyingine zipo na uzijue: maambukizi ndani ya goti, chini ya mtu mmoja kati ya mia, damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, kipandikizi kukatika. Na kuna mambo mawili ambayo wagonjwa wengi huambiwa kwa kuchelewa. La kwanza, upasuaji hauondoi hatari ya goti kulika uzeeni. Hatari hiyo hupanda baada ya jeraha hili kwa njia zote mbili, na kinachoipunguza ni meniskasi iliyookolewa, misuli yenye nguvu na uzito wa mwili unaodhibitiwa. La pili, upasuaji si tiketi ya kurudi uwanjani. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba watu wanane kati ya kumi hurudi kwenye michezo ya aina fulani, lakini wanaorudi kwenye ushindani ni zaidi kidogo ya nusu.

Tuje kwenye makaratasi yako mawili ya makadirio. Sijayaona, ila nimeona mengi yanayofanana nayo, na mara nyingi ile ya bei nafuu haijaondoa gharama, imeziacha bila kuziandika. Yaweke pembeni kwa pembeni na utafute kama kila moja limejumuisha ada ya mpasuaji, ya msaidizi wake na ya mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda cha wodi, dawa, bresi, magongo, na marudio ya kliniki ya wiki za kwanza. Halafu angalia vifaa. Hapo ndipo bei hupaa. Skrubu na vifungo vya kushikia kipandikizi huuzwa kimoja kimoja, na zipo aina zinazotofautiana sana bei bila goti kuona tofauti kubwa. Visu vya kamera na vya kuchomea vinavyotumika mara moja na kutupwa navyo huhesabiwa kivyake. Uliza kwa maandishi: ni vifaa gani, vingapi, na kama kuna aina ya bei ya chini ambayo mpasuaji huyo amezoea kuitumia. Aliyezoea kifaa rahisi atakufanyia vizuri kuliko anayejaribu kipya.

Meniskasi ndiyo huwashangaza watu siku ya kutoka wodini. Mpasuaji akifika ndani akakuta mchaniko unaofaa kushonwa, atahitaji vishonio maalumu, na kila kimoja kina bei. Kukata kipande kilichochanika na kukitupa ni rahisi na kunaisha haraka. Kushona kunagharimu zaidi na kunakuongezea wiki za kutembea na magongo. Nakusihi, kama inashoneka ishonwe. Omba makadirio mawili tangu mwanzo, bila kushona na kwa kushona, ili siku hiyo uamuzi usifanywe na pochi. Ukikuta pia mstari unaotaja kuimarisha upande wa nje wa goti kwa utepe wa kano ya paja, hicho ni kitendo cha ziada. Kimethibitika kupunguza kukatika tena kwa vijana wasiozidi miaka 25 waliotumia kano za nyuma ya paja. Kwa miaka 29 si cha lazima kwa kila mtu. Muulize mpasuaji ameona nini kwenye goti lako kinachomfanya akitake.

Mambo mengine hupunguza bei bila kugusa ubora. Kurudi nyumbani siku ile ile badala ya kulala usiku mbili, pale hospitali ina utaratibu huo na nyumba si mbali. Ganzi ya mgongoni badala ya usingizi kamili, kama daktari anaona inafaa. Hospitali ya kufundishia, ambako bingwa husimama mezani pamoja na wanafunzi wake na bei huwa chini, ingawa foleni ni ndefu. Wewe foleni haikudhuru, una mazoezi ya kufanya. Nisichokubali kupunguzwa ni uzoefu wa mpasuaji. Muulize moja kwa moja hufanya operesheni hii mara ngapi kwa mwezi. Asiyependa swali hilo amekujibu.

Kwa upande wa bima, usiishie kwenye "inalipa sehemu". Pata kibali cha maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji, ujue kikomo cha mwaka, kama vifaa vinahesabiwa ndani ya kikomo hicho au nje, na vikao vingapi vya fiziotherapia vinalipwa. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Nimewaona waliolipiwa upasuaji wote, halafu bima ikakata vikao baada ya kumi, nao wakaacha mwezi wa tatu kwa sababu maumivu yalikwisha. Kipandikizi hukaa dhaifu katika miezi ya mwanzo mwili unapokuwa unakijenga upya, na hakijui kwamba wewe hujisikii maumivu. Kwa hiyo mkifika hatua ya mkopo, bajeti ianze na fedha za mazoezi ya miezi tisa mpaka kumi na miwili, ziwekwe kando, kisha kinachobaki kitazamwe kama kinatosha upasuaji. Kama hakitoshi vyote viwili, ni bora kusubiri kuliko kupasuliwa na kuachwa.

Ongezeni na zile gharama zisizo na risiti. Mwalimu hukaa amesimama siku nzima, kwa hiyo hesabu wiki nne hadi sita kabla ya kurudi darasani kwa utulivu, na pengine zaidi ukishonwa meniskasi. Upange upasuaji uangukie mwanzo wa likizo ndefu ya shule, mshahara wako utakushukuru. Kuna nauli za kliniki, na mtu wa kukusaidia nyumbani wiki mbili za kwanza, kwa kuwa mikono yote miwili itakuwa imeshika magongo. Na uwanjani usirudi kabla ya mwezi wa tisa, hata kama timu inakulilia. Watafiti wa Norway na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba kila mwezi wa kuahirisha kurudi, mpaka kufikia wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kano ikikatika mara ya pili, unalipa upya kila kitu nilichokiorodhesha hapo juu, na matokeo ya marudio huwa duni.

Kuna fedha moja ambayo ningeumia kusikia umeitoa: ya sindano za plasma ya damu au za seli shina zinazotangazwa kuunga kano iliyokatika kabisa. Haziungi. Na zile soksi za goti za kubana, vaa ukipenda joto lake, usizitegemee kushika goti.

Wiki hii, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akupime kunyooka, uvimbe na nguvu, aandike namba za siku ya kwanza. Weka daftari la kuandika kila goti linapoachia, tarehe na ulikuwa unafanya nini. Miezi mitatu kuanzia hapo rudi kwa daktari na hilo daftari. Ukipata homa na goti likawa jekundu na la moto, au shavu la mguu likavimba na kuuma, hiyo si ya kusubiri hata siku moja, nenda hospitali.

Na lile la meniskasi. Maneno "mchaniko mdogo" huandikwa na msomaji wa picha, naye hakukushika goti. Pamoja na kano hii kukatika, meniskasi ya nje hung'oka kwenye mzizi wake wa nyuma mara nyingi kuliko inavyoandikwa, na kwenye picha huonekana kama kitu kidogo. Kabla hujaanza kuhesabu miezi mitatu, mpelekee daktari wako wa pili diski yenyewe ya MRI, si karatasi ya majibu, umwombe aangalie mzizi huo kwa macho yake. Ukiwa mzima, anza mazoezi kesho yake. Ukiwa umeng'oka, nitakubaliana na daktari wa kwanza.